Fundi umeme wa Uyole anayetafuta tatizo kabla ya kubadilisha kifaa, nimempelekea Canter na haya ndiyo maoni yangu

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Kama una lori la zamani, Canter, Isuzu, hata zile Scania 113 ambazo bado zinapiga kazi, na linakusumbua umeme wa kuja na kuondoka, leo linakata taa kesho liko poa, ukilifikisha gereji linawaka vizuri kabisa mpaka fundi anakuona muongo, basi huyu fundi wa Uyole Mbeya anastahili hela yako. Nampa nyota nne kati ya tano, ile moja niliyoibakisha nitaieleza huko chini. Jina lake siliandiki maana sijamuomba ruhusa, ila ukifika Uyole pale njia zinapoachana, moja inaenda Tukuyu na Kyela nyingine inaenda Dar, ulizia kwa madereva wa viazi fundi umeme anayechora kwenye karatasi kabla hajafungua kitu, watakupeleka.

Gari lenyewe ni Mitsubishi Canter ya miaka ya 90, injini 4D33 ile ya lita 4.2, pampu ya dizeli ya kimekanika, hamna kompyuta hamna nini, inabeba viazi kutoka Isongole kushusha Dar. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi ukimwambia mtu gari lina shida ya umeme anakujibu palepale "peleka wakapige mashine". Mashine itasoma nini humo? Ile inaongea na kompyuta ya gari, na hili halina kompyuta, ni betri mbili za volti 12 zimeungwa kupata 24, stata, altaneta ya kuchaji, fyuzi, relei (swichi inayowashwa kwa umeme) na waya, basi. Sasa tatizo likijificha ndani ya waya hakuna kioo kitakachokuandikia liko wapi, lazima mtu akae alitafute kwa akili na kwa kupima, na watu wa namna hiyo kwa kweli wamebaki wachache.

Shida ilikuwa hivi. Gari likiwa baridi asubuhi halina neno, linapiga stata mara moja. Likishatembea likapata moto, ukisimama mizani ukazima, kuwasha tena ni bahati, mara linawaka mara stata inagonga tu "tak" na kunyamaza, utingo anashuka kuomba watu wasukume na mzigo uko juu. Usiku ukiwasha indiketa ya kulia mshale wa joto la maji unapanda kidogo na kushuka, unapanda na kushuka, unafuatisha indiketa. Taa ya chaji inawaka kwa mbali sana, usiku ndio unaiona. Alafu ile mbaya kuliko zote, ukipita kwenye matuta au barabara yenye mashimo, kebini yote inakufa kwa sekunde moja mbili, dashibodi giza, taa za mbele giza, wipa zinasimama katikati ya kioo, injini inaendelea kuunguruma kama kawaida, alafu kila kitu kinarudi. Mnaoijua njia ya Mbeya Dar mnaelewa maana yake, umetoka kushuka Kitonga, umepita Ruaha Mbuyuni, unaingia hifadhi ya Mikumi usiku ambapo barabara inakatisha katikati ya wanyama kwa karibu kilometa 50, na mle ndani matuta yamejaa ili magari yasikimbie wakagonga wanyama. Taa zikikata pale na mbele kuna tembo au lori limeharibika bila kuweka hata matawi barabarani, unaongea habari nyingine. Ndio maana jambo hili nalichukulia kwa uzito, sio suala la taa kufifia tu, ni maisha ya dereva wangu na utingo wake.

Kabla ya Uyole gari lilipita gereji kadhaa, sizitaji. Kote huko dawa ilikuwa kubadilisha. Betri zikabadilishwa zote mbili. Altaneta ikafunguliwa ikawekwa regulata mpya (ile inayodhibiti chaji) na kabonibrashi. Relei ya stata ikabadilishwa. Kila mara gari linatoka limepona, linakaa kidogo, linarudia. Na hapa ndipo nilipomwelewa huyu fundi wa Uyole siku ya kwanza tu, nilipomsimulia hayo yote hakucheka wala hakuwasema wenzake, akaniambia "kaka, kila walipobadilisha kifaa waligusa waya, ule waya ukakaa vizuri kwa muda, mkajua kifaa kipya ndio kimetibu". Yaani sentensi moja imeeleza hela zote zilizopotea. Ukifungua tamino ya betri (kile kichwa cha waya kinachobana kwenye betri) ukaifunga upya umeshausogeza waya wenye tatizo, kutu imekwanguka kidogo, njia imefunguka, gari limepona mpaka mtikisiko uirudishe ilipokuwa. Kwa hiyo na wewe ukiona gari linapona kwa kila kifaa kinachobadilishwa na bado linarudia, ujue huenda hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa kibovu.

Sasa kazi yake. Hakufungua boneti kwanza (tuseme hakuinua kebini, maana Canter kebini ndio inainama mbele). Alimkalisha dereva, sio mimi, dereva, akawa anamuuliza maswali na kuandika. Linakata likiwa na mzigo au tupu? Ukikata kona ya kushoto au ya kulia? Mvua ikinyesha linazidi au linapungua? Taa zikiwa zimewashwa au hata mchana? Na swali ambalo alilirudia mpaka dereva akachoka, likikata ni nini kinakufa na ni nini kinabaki hai. Honi inalia? Taa za nyuma zinawaka? Redio? Dereva akakumbuka kwamba honi nayo inakufa, ila ukiangalia kwenye kioo cha pembeni taa za bodi kule nyuma zinaendelea kuwaka. Fundi akachora mstari. Akasema vitu vinavyokufa pamoja lazima vina mahali vinakutana, aidha vinakula kwenye waya mmoja au vinarudisha kwenye ethi moja (njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma cha gari), na kinachobaki hai kinakwambia tatizo haliko upande wake. Taa za bodi kwenye gari hili zilishawahi kuvutiwa waya wake peke yake kutoka kwenye betri na waliotengeneza bodi, kwa hiyo zinapita njia nyingine. Kabla hajashika spana ameshapunguza gari zima likawa sehemu mbili tu za kutafuta. Mafundi wengi wanaruka hatua hii wanakimbilia kufungua dashibodi na kuvuta waya, na gari la zamani ukilivuta waya hovyo unazalisha matatizo mapya ambayo hayakuwepo.

Ya pili, hakupima gari likiwa limepoa. Hili nalisisitiza kwa sababu ndilo linaloangusha watu wengi. Asubuhi alipima betri zikiwa zimetulia akapata 25.4, safi. Akawasha, akapima chaji ikawa 28 na kidogo, safi. Fundi wa haraka angesema hamna tatizo nenda. Yeye akasema gari halilalamiki asubuhi, tusilipime asubuhi, dereva akatumwa aende na mzigo wake mpaka Igawilo na kurudi, apande na kushuka mpaka injini ipate moto kamili. Lilivyorudi akachukua multimita (kipimo cha umeme), waya mmoja akaugusisha kwenye nondo yenyewe ya hasi ya betri (sio kwenye tamino, kwenye ile risasi ya betri), mwingine kwenye chuma cha injini, akamwambia dereva apige stata. Pale panatakiwa pasome karibu na sifuri, pointi chache tu za volti, kwa sababu ni njia ya kurudi umeme na njia nzuri haipotezi kitu. Palisoma zaidi ya volti 2. Asubuhi aliposoma hapohapo ilikuwa ndogo kabisa. Yaani umeme unaotakiwa kurudi betri kutoka kwenye injini unakutana na kizuizi, na kizuizi kinakua kadiri chuma kinavyopata moto na kupanuka.

Akafuata ule waya mnene wa ethi. Unatoka betri unafika kwenye chesisi, alafu kutoka chesisi kuna mwingine uliosukwa unaenda kwenye injini. Huo uliosukwa kwa nje unaonekana mzima, ila alipoufungua pale kwenye chesisi chini ya kichwa chake kulikuwa na rangi. Rangi! Gari liliwahi kuchomelewa na kupakwa rangi chesisi, na aliyepaka alifungua waya akapaka akaurudisha juu ya rangi, umeme ukawa unapita kwenye nyuzi za bolti tu, bolti nayo ikashika kutu. Akaeleza na kuhusu ule mshale wa joto unaocheza na indiketa, kwamba dashibodi iko kebini na sensa ya joto iko kwenye injini, sasa kama ethi ya kebini na ya injini haziko sawa, indiketa ikiwaka inausukuma usawa wa upande mmoja na geji inadanganyika. Hata ile taa ya chaji kuwaka kwa mbali ni ishu hiyohiyo. Na akasema jambo ambalo lilinitisha, kwamba ethi ya injini ikifa kabisa umeme wa stata unatafuta njia nyingine yoyote ya chuma kurudi betri, unaweza kupita hata kwenye kebo ya aksileta au ya hendibreki, na zile hazikutengenezwa kubeba umeme mkubwa, zinapata moto. Ukiona kebo ya aksileta ya gari lako inakuwa nzito bila sababu na stata inasuasua, angalia ethi.

Hapo mimi nilidhani tumemaliza. Yeye akasema hiyo ni ya stata na geji, ile ya kebini kufa kwenye matuta ni nyingine, msichanganye, gari la zamani linaweza kuumwa magonjwa mawili kwa wakati mmoja na ukitibu moja ukadhani umetibu yote unarudi barabarani na hatari ileile. Hiki ndicho nilicholipia.

Kuitafuta ile ya pili ndiko kulikochukua muda. Alianza kwa kutikisa, injini inaunguruma, taa zote zimewashwa, yeye anapita na mpini wa nyundo uliovalishwa mpira anagonga polepole relei moja moja, soketi moja moja, boksi la fyuzi, swichi ya funguo, huku kijana mwingine anaangalia taa. Hakuna kitu. Akamwagia maji kwa chupa ya kupulizia kwenye soketi za chini. Hakuna kitu. Akainua kebini. Sasa wenye Canter mnajua, wayaringi kubwa (fungu la waya) inayotoka kwenye chesisi kuingia kebini inapita pale mbele kwenye bawaba ambapo kebini inajikunja, na kila ikiinuliwa ule mkonga wa waya unapinda, ukishushwa unanyooka. Miaka zaidi ya ishirini ya kuinua na kushusha, mahali palepale. Akaushika ule mkonga akaupinda kidogo kwa mkono, taa zikafifia. Akauachia zikarudi. Dereva alipiga kelele.

Ila bado hakukata kitu. Akafungua ile mpira ya nje kwa uangalifu akakuta waya, na waya wote kwa macho ni wazima, plastiki haijachubuka hata kidogo. Akapima waya mkuu unaoleta umeme kebini kwa multimita, ikasoma volti 24 kamili. Akaniita niangalie. Akasema hapa ndipo multimita inapowadanganya watu, kwa sababu multimita yenyewe haili umeme, inaonja tu, hata kama ndani ya waya imebaki nyuzi moja nyembamba ya shaba itakuonyesha 24 zote. Akachukua balbu ya taa ya mbele, ile ya volti 24 wati 75, ambayo yeye ameshaiunga waya mbili za kuchomekea, akaigusisha mahali palepale. Balbu hiyo inakula kama ampea 3. Ikawaka nyekundu hafifu na multimita ikaporomoka. Waya unaoonekana mzima hauwezi kubeba hata taa moja, achilia mbali kebini nzima. Kisha akaushika ule waya pande mbili akauvuta, ukarefuka kama mpira. Ndani shaba imeshakatika, plastiki ndiyo inayoushikilia. Alipoichana, shaba ilikuwa imekuwa nyeusi na kijani, na sentimita kadhaa mbele kulikuwa na kiungo cha zamani cha kusokota waya kwa mkono na kufunga tepu nyeusi, maji yameingilia pale yakatambaa ndani ya plastiki.

Namna alivyotengeneza nayo inastahili kusemwa. Hakusokota. Alikata mpaka akakuta shaba inayong'aa, akaunga kipande kipya chenye unene uleule na kirefu kidogo zaidi ili kisivutwe kebini ikiinuliwa, viungo akavibana kwa koleo maalum la kubania na kuvifunika na mpira wa kusinyaa kwa moto ule wenye gundi ndani, na akaviweka viungo mbali na pale panapojikunja. Nilimuuliza kwa nini halehemu kwa risasi kama wengine, akasema risasi inapanda ndani ya nyuzi inafanya waya uwe mgumu pale, na kwenye gari linalotikisika waya unakatikia mwisho wa sehemu ngumu. Ethi akaikwangua kwa msasa mpaka chuma cheupe, akafunga na washa mpya, akapaka grisi juu baada ya kukaza sio kabla, na akaongeza waya mwingine mnene kutoka hasi ya betri moja kwa moja mpaka kwenye injini. Akapima tena kwa stata gari likiwa na moto, ikasoma pointi mbili, yaani volti 0.2. Akaniandikia namba za kabla na za baada kwenye ile karatasi yake akanipa, karatasi ninayo kwenye dashibodi.

Kwenye kupita pita akakuta na kitu kingine ambacho hatukumuuliza, ile fyuzi kubwa iliyo karibu na betri kuna mtu aliitoa akaweka waya wa kawaida. Hiyo fyuzi kazi yake ni kuyeyuka waya mkuu ukipiga shoti ili gari lisiungue. Akaweka ya saizi yake. Hakulazimisha, alisema "bosi hii ukikataa sikulaumu ila nitakuandikia kwamba nimekwambia". Niliipenda.

Nikiwa pale nikaona na kazi ya mwenzangu mwenye trela, fyuzi ya taa za nyuma ilikuwa inaungua anapokata kona na sio kila kona. Walikuwa wameshamaliza fyuzi nyingi, na kuna mtu alimshauri aweke kubwa zaidi, ushauri wa kuchoma gari. Fundi akatoa fyuzi, mahali pake akachomeka balbu. Sasa shoti ikitokea balbu inawaka kwa nguvu na hakuna kinachoungua, shoti ikiondoka inafifia, una taa ya kukuonyesha lini umeigusa. Akamwambia dereva azungushe kichwa cha gari taratibu kwa pembe huku yeye anatembea na ile nyaya ya kuzunguka inayounganisha kichwa na trela. Balbu ikawaka. Nyaya ilikuwa imesagika kwenye kona ya chuma. Ni muda mfupi sana, na bila kufungua taa hata moja.

Kuna mambo mawili anayakataa na nakubaliana naye kabisa. Hatoi tamino ya betri injini ikiwa inaunguruma "kupima altaneta". Hii bado inafanyika sana gereji zetu, gari likiendelea kuunguruma wanasema altaneta nzima. Ukifanya hivyo altaneta inarusha volti kubwa ghafla, inaweza kuua daiodi na regulata zilizokuwa nzima, na kwenye gari la dizeli ya pampu kama hili injini kuendelea kuunguruma hakuthibitishi lolote maana haitegemei umeme huo. Na hachomelei wala haruhusu kuchomelea gari bila kufungua betri. Pia altaneta za Canter nyingi za zamani zina pampu ya vakyumu kwa nyuma inayosaidia breki, na sili yake ikichoka oili inaingia ndani inachafua kabonibrashi, kwa hiyo akifungua altaneta anaangalia hapo kwanza, hakimbilii regulata. Yangu aliikagua akasema nzima na akanirudishia bila kuigusa, angeweza kunipiga hela pale nisijue.

Bei. Anachaji kutafuta na kutengeneza mbali mbali, na hapa watu wengi wanagombana naye. Kutafuta alinichaji karibu laki moja na nusu, kutengeneza na vifaa kidogo zaidi ya hapo. Nilimsikia mteja mmoja analalamika "yaani nilipe laki kwa waya wa shilingi elfu tano?" Ndiyo, unalipa, kwa sababu waya wa elfu tano ukishajua uko wapi kila mtu anaweza kuubadilisha, kazi ni kujua. Piga hesabu betri mbili za Canter ni shilingi ngapi, ongeza altaneta, ongeza viazi vilivyochelewa soko Dar bei ikashuka, utaona kutafuta ni bei rahisi kuliko vyote. Fundi anayekuambia kutafuta ni bure ujue hela yake iko kwenye kifaa atakachokuuzia, kwa hiyo atakuuzia kifaa. Huyu hauzi spea kabisa, anakuandikia saizi unaenda kununua mwenyewe.

Sasa ile nyota moja. Kwanza yuko peke yake. Ana vijana watatu, wazuri na wana heshima, ila kupima hawaachiwi, kwa hiyo akiwa chini ya gari la mtu mwingine wewe unasubiri, na gari la mzigo unaooza halisubiri. Ningefurahi sana akiwafundisha na wao kushika multimita, maana ujuzi huu ukibaki kwa mtu mmoja siku akiugua barabara nzima inakosa. Pili hamna paa. Mbeya mvua inavyonyesha mnaijua, ikianza kazi ya waya inasimama mpaka ikatike, na uwanja unakuwa tope. Tatu simu hapokei akiwa kazini, ni jambo zuri kwa mwenye gari lililo juu ya jeki na baya kwa aliyeko Makambako anataka kujua aje au asije. Risiti ya kueleweka hamna, ni ile karatasi yake tu, wenye makampuni mnaohitaji risiti ya EFD mjipange mapema.

Gari tangu litoke limefanya kazi masika yote bila kukata kebini hata kidogo, stata inapiga ikiwa na moto foleni ya mizani Mikese na Vigwaza, mshale wa joto umetulia. Wipa bado ina tatizo dogo la kusimama mahali inapotaka, na alituambia mapema kwamba wayaringi ya ndani ya dashibodi imechoka na yeye hajaigusa, atahitaji siku nzima. Tutarudi viazi vikipungua.

Ukienda kwake, mpeleke dereva anayeendesha gari kila siku, sio wewe mwenye mali unayelipanda Jumapili. Usilioshe injini kabla, kutu na alama za maji na oili zinamsaidia kuona. Nenda na mzigo kama tatizo linatokea na mzigo. Wiki moja kabla mwambie dereva aandike, au atume voice note muda uleule, likikata ilikuwa wapi, gari lina moto au baridi, mvua au jua, nini kilikufa na nini kilibaki. Fika saa 2 asubuhi, yeye anaanza saa 3 na foleni inapangwa kwa aliyewahi. Na kama kuna kifaa kilishabadilishwa huko nyuma nenda nacho kile cha zamani kama hujakitupa, alinipimia ile regulata yangu iliyotolewa gereji nyingine ikaonekana nzima, sasa hivi iko kwenye boksi la spea ndani ya gari.